Homa ya Kuvunja Moyo

Katika mwaka wa 1780 mji wa Philadelphia, huko Marekani, uliingiliwa na homa iliyowalaza watu wengi kwa maumivu makali ya kichwa, mgongo na viungo, hata wenyeji wakaibandika jina la homa ya kuvunja mifupa. Tabibu Benjamin Rush, ambaye miaka minne kabla ya hapo alikuwa miongoni mwa waliotia sahihi Tangazo la Uhuru wa nchi hiyo, aliwauguza wagonjwa hao na kuyaandika aliyoyaona, na katika maandishi yake mna habari ya binti mmoja ambaye, homa ikiwa imekwisha kumwacha, alimtazama tabibu kwa macho ya kukata tamaa na kumwuliza maradhi yale yaitwaje. Alipotajiwa jina, binti yule alijibu kuwa lingeyafaa zaidi jina la homa ya kuvunja moyo.

Miaka mingi imepita tangu jibu hilo litolewe, na mimi sijaona tabibu wala mwanachuoni aliyelisema jambo hili kwa ufupi na kwa usahihi kuliko mgonjwa yule. Kwetu sisi aliyevunjika moyo si lazima awe analia; huenda macho yake ni makavu na sauti yake ni ile ile, ila ile nguvu ya kutaka kitu, ya kuamka kwa ajili ya jambo, imemtoka kama maji yatokavyo katika mtungi wenye ufa.

Homa ya Philadelphia, kwa maoni ya wengi walioyachunguza maandishi ya Rush, ilikuwa dengue, na jina hilo lina nasaba na pwani yetu. James Christie, tabibu wa Kiskoti aliyekuwa Unguja ilipozuka homa ya namna hiyo mwaka 1870, aliandika kwamba wenyeji waliiita kidinga pepo, na kwamba wazee waliikumbuka kwa jina hilo tangu mlipuko wa mwaka 1823. Na wapo wanazuoni wengi wanaoamini kuwa ndilo neno lililovuka bahari mpaka visiwa vya Karibi, likageuzwa na ndimi za Kihispania, kisha likaturudia likiwa limevaa nguo za kigeni. Wengine husema homa ya Unguja, kwa jinsi ilivyowakamata watu viungo, yamkini haikuwa dengue bali nduguye chikungunya, ambayo ilitambuliwa na wataalamu katika uwanda wa Makonde, upande wa Newala, katika mlipuko wa mwaka 1952 na 1953, na ambayo jina lake ni la Kimakonde, nalo latokana na kukunja, kwa sababu mgonjwa hutembea amejikunja kama mzee wa mkongojo. Majina yote haya yanataja mifupa, viungo na mgongo, na pepo akatajwa kwa ule mshtuko wa ghafla wa siku ya kwanza. Lakini yale yanayokuja nyuma ya homa, wakati kipimajoto kimeshuka na jamaa wamekwisha kumshukuru Mungu, hayakupata jina. Na jambo lisilo na jina ni rahisi kulisingizia jina la jingine.

Shangazi yangu, mkazi wa Tanga, aliugua dengue katika Ramadhani ya mwaka 2019, mwaka ambao homa hiyo ilienea sana katika mji huo na katika Dar es Salaam. Yeye ni mshonaji wa kofia za mkono, zile ambazo kila kitundu chake huzungushiwa uzi kwa sindano nyembamba mpaka ukingo wake ukae, na wakati homa inamshika alikuwa na kofia ya mteja aliyoahidi kuimaliza kabla ya Idi. Aliumwa siku saba kwa ukali, kisha homa ikamwacha, chembe za kugandisha damu, ambazo zilikuwa zimeshuka hata tukaingiwa na hofu, zikapanda, daktari akamruhusu. Idi ikafika na kupita, na mwezi wa Mfunguo Mosi ukaisha, na kofia ilikuwa bado kikapuni, sindano imechomekwa pembeni mwa kitundu kilichozungushiwa nusu, na uzi mweupe ulioning'inia ukiwa umeanza kuwa wa kijivu kwa vumbi. Yeye mwenyewe alikuwa akikaa barazani tangu asubuhi, mikono imelala mapajani, wapita njia wanamsalimu naye anawaitikia kwa adabu zote, lakini bila kuwauliza habari za watoto kama ilivyokuwa desturi yake. Nilipomwuliza kama mkono bado unamwuma, alinijibu, "Nguvu za mkono ninazo, mwanangu. Kutaka ndiko sina."

Majirani walisema kila mmoja lake. Mmoja alishauri asomewe na apewe kombe, mwingine alinong'ona kuwa huo ni uvivu wa mtu aliyeonja kuhudumiwa, na wa tatu alihofia imani yake kuwa imepungua, kwa kuwa hata tarawehe za mwisho hakuzitamani. Nami, niliyejiona msomi kuliko wote, nilimwambia apige moyo konde, maana homa imekwisha. Kati ya maneno yote aliyoambiwa katika miezi ile, hilo langu ndilo ninaloliona leo kuwa lilikuwa mbali zaidi na ukweli, na ndilo lililonifanya nisome haya ninayoyaandika.

Tuanze na mwili. Mtu akichomwa na mwiba, mahali pale huwa pekundu, huvimba, hupata joto na kuuma. Dalili hizo nne ziliorodheshwa na Mrumi Celsus katika karne ya kwanza baada ya kuzaliwa Nabii Isa. Vitabu vyetu vya afya huliita jambo hilo uvimbe, lakini kwa kuwa uvimbe kwa Kiswahili ni pia neno la jipu na la saratani, nitaomba ruhusa ya msomaji niliite mwako, maana ndivyo lilivyo: ni moto ambao mwili huuwasha wenyewe ili kuwaunguza wavamizi. Kinapoingia kirusi, mwako huo hauwi wa mahali pamoja kama wa mwiba, bali huenea mwili mzima, na chembe nyeupe za damu hupelekeana habari kwa njia ya viini vidogo viitwavyo saitokini, ambavyo ni kama matarishi waliobeba barua za vita. Matarishi hao hawaishii kwenye mapafu na ini. Wengine hupita katika damu mpaka kwenye kuta za mishipa ya ubongo, na wengine hugonga mlango wa mshipa mkubwa wa fahamu uitwao vagasi, utokao tumboni na kifuani kwenda kichwani, na kwa njia hizo ubongo hupata habari kwamba mwili uko vitani.

Ubongo ukipokea habari hiyo hutoa amri, na amri yenyewe kila mfugaji ameiona ikitekelezwa. Mtazame kuku aliyeanza kushikwa na mdondo: amejikunyata pembeni mwa banda, manyoya yametimka, macho nusu yamefumba, mtama umemwagwa mbele yake wala haushughulikii, na wenziwe wakimsogelea yeye hujitenga. Zamani ilidhaniwa kuwa kuku huyo amedhoofika tu, kwamba maradhi yamemnyang'anya nguvu. Mwaka 1988 Benjamin Hart, bingwa wa tiba ya mifugo katika Chuo Kikuu cha California, alitoa hoja kwamba mambo yalivyo ni kinyume: kule kulala, kutokula na kujitenga si kushindwa kwa mwili bali ni mpango wake, kwa kuwa homa hugharimu nguvu nyingi, na mnyama anayezurura kutafuta chakula huzitawanya nguvu ambazo zingemponya. Wachunguzi waliomfuata, akiwamo Mfaransa Robert Dantzer, walionyesha kuwa mnyama mzima asiye na kidudu chochote akidungwa zile saitokini peke yake hujikunyata vivyo hivyo. Kumbe basi ule unyonge ni amri, nayo hutoka ubongoni.

Sasa iweke hali ya kuku huyo kando ya orodha ambayo daktari wa akili huitumia kuitambua sonona, ile ambayo Wakenya aghalabu huiita unyogovu: kukosa hamu ya mambo yaliyopendwa, kuchoka bila kazi, kupoteza usingizi au kulala kupita kiasi, chakula kutopita, fikira kwenda polepole, kuwakimbia watu. Sehemu kubwa inafanana. Tofauti ni kwamba kuku mwenye bahati ya kupona hutikisa manyoya na kurudi kwenye mtama, ilhali binadamu mwingine hubaki pembeni mwa banda baada ya vita kwisha, na juu ya unyonge ule akili yake, ambayo kuku hana, huanza kuutafutia maana: kwamba yeye hafai, kwamba ni mzigo kwa jamaa, kwamba mbele hakuna kitu.

Mtu atasema, huenda mgonjwa anahuzunika kwa sababu za kawaida, amelala hospitali, ametumia akiba, amekiona kifo karibu. Hoja hiyo ni ya haki, na ingekuwa vigumu kuijibu lau kusingekuwa na dawa moja. Mwaka 1957, huko London, Alick Isaacs na Jean Lindenmann waligundua kiini ambacho chembe za mwili hukitoa zinaposhambuliwa na virusi ili kuzikinga chembe jirani, wakakiita intaferoni. Baadaye kiini hicho kilitengenezwa kuwa dawa, na kwa miaka mingi, kabla ya kupatikana vidonge vya siku hizi, watu wenye homa ya ini aina ya C walidungwa sindano zake. Hapo ndipo matabibu walipoona ajabu: watu walioingia katika matibabu wakiwa na furaha zao, baada ya wiki chache za sindano, karibu mmoja katika kila watatu alizama katika sonona kamili, wengine hata kufikiria kujiua, na sindano ziliposimamishwa wengi wao walirudi katika hali yao. Hakuna msiba uliowapata katika wiki hizo, wala hawakufukuzwa kazini. Walichopewa ni tarishi wa mwako, kwa kipimo na kwa tarehe inayojulikana. Mwaka 2001 madaktari wa Chuo Kikuu cha Emory, Marekani, walitangaza matokeo ya jaribio kwa wagonjwa wa saratani ya ngozi waliokuwa wakipewa intaferoni kwa wingi: waliotanguliziwa dawa ya sonona, ni asilimia 11 tu waliopatwa na maradhi hayo, na waliotanguliziwa kidonge kisicho na dawa ndani yake, asilimia 45.

Njia mojawapo ambayo moto huo huifikia furaha ya mtu ni ya chakula, na napenda kuieleza kwa sababu inaonekana kama habari ya jikoni. Katika mayai, samaki, maziwa na kunde mna kiini kiitwacho triptofani, ambacho mwili hauwezi kujitengenezea, na ambacho ubongo hukitumia kufanyia serotonini, mojawapo ya viini vinavyosaidia kuiweka sawa hali ya moyo na usingizi. Mwako ukiwa mkubwa huamsha kimeng'enya kinachoikamata triptofani na kuipeleka njia nyingine, ikawa kinurenini, na sehemu ya kinurenini hiyo, ikifika ubongoni, huweza kugeuzwa kuwa asidi inayozichokoza chembe za fahamu kupita kadiri. Ni kama unga uliokuwa wa mkate ukachukuliwa njiani na kupikiwa kitu kichungu. Mwaka 2023 wachunguzi wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, katika mji ule ule wa binti aliyeuguzwa na Tabibu Rush, waliongeza kwamba intaferoni za mwili wenyewe hupunguza hata kule kufyonzwa kwa triptofani katika matumbo, na kwamba baadhi ya watu wenye Uviko wa muda mrefu wana serotonini kidogo katika damu yao.

Uviko ndio uliolitoa jambo hili katika majarida ya mabingwa na kulileta barazani, lakini si ndio uliolianzisha. Baada ya homa kuu ya mafua ya mwaka 1918, kijana mmoja daktari, Karl Menninger, aliwachunguza wagonjwa mia moja walioletwa katika hospitali ya akili ya Boston wakiwa wamevurugika baada ya mafua, na akaandika habari zao mwaka 1919. Karne moja baadaye, Milan, hospitali ya San Raffaele iliwaita watu 402 waliokuwa wameugua Uviko, mwezi mmoja hivi baada ya matibabu yao, na asilimia 31 kati yao walikuwa na dalili za sonona. Na wale ambao damu yao ilionyesha mwako mkubwa zaidi siku walipopokelewa ndio walioelekea kuwa na sonona nzito zaidi baadaye. Wenzao wa Oxford walipitia hati za watu 236,379 waliopona Uviko, wakaona kwamba katika miezi sita hatari ya kupatwa na maradhi ya akili au ya fahamu ilikuwa zaidi kwa asilimia 44 kuliko kwa waliougua mafua. Nako Denmark, ambako kila raia ana hati ya afya yake, miaka kadhaa kabla ya Uviko uchunguzi wa watu zaidi ya milioni tatu na nusu ulionyesha kuwa aliyewahi kulazwa kwa maambukizi alikuwa na hatari ya maradhi ya hisia iliyozidi kwa asilimia 62. Kwa upande wa dengue, hati za wagonjwa wa Taiwan zimeonyesha mwelekeo huo huo.

Lakini katika haya yote, lililonigusa zaidi ni uchunguzi mdogo wa Toronto wa mwaka 2023, uliofanywa kwa watu ishirini tu waliobaki na sonona baada ya Uviko ambao haukuwa mkali. Walipopigwa picha za ubongo zinazoonyesha alama za mwako, alama hizo zilikuwa zimezidi katika sehemu za ndani zinazohusika na shauku na kuanza kutenda, yaani pale ambapo wazo la kushika sindano hugeuka kuwa mkono unaoishika. Niliposoma hayo nilimkumbuka shangazi na lile neno lake la barazani.

Haimpasi mtu kuruka kutoka hapo na kusema kwamba kila sonona ni mwako, au kwamba kila homa itavunja moyo. Wengi hupona wakawa wazima, na wengi wenye sonona damu yao haina mwako wowote. Maradhi haya yana milango mingi, na ufukara, upweke, kufiwa na dhuluma ya nyumbani ni milango iliyo wazi zaidi. Hata njia ya homa ina pande mbili: katika mafua ya mwaka 1957 madaktari wa Marekani, ambao walikuwa wamewapima watu hali ya moyo kabla ya mafua kufika, waliona kuwa wale waliokuwa na mwelekeo wa huzuni tangu awali ndio waliochelewa kupona. Na walipojaribu madaktari wa Emory, kwa watu sitini wenye sonona sugu, kutoa dawa inayokata mmoja wa matarishi wa mwako, jumla ya matokeo yaliyotangazwa mwaka 2013 haikuonyesha faida; waliopata nafuu ni wale tu ambao kipimo cha CRP, kinachoonyesha mwako katika damu, kilikuwa juu tangu mwanzo. Kwa hiyo asikimbilie mtu duka la dawa kununua vidonge vya kuzima mwako kwa kusoma makala hii. Kwa mgonjwa wa dengue hasa ni hatari, maana aspirini, ibuprofeni na diklofenaki huweza kumtia katika kutokwa damu, na dawa ya homa na maumivu anayoruhusiwa ni parasetamoli kwa kipimo chake.

Faida ya maarifa haya kwetu, kwa maoni yangu, kwa sasa si dawa mpya, bali ni kuyaondoa mashtaka. Mgonjwa aliyekwisha kupoteza hamu huyasikia maneno ya watu wa nyumbani na kuyaongeza juu ya mzigo wake: akiitwa mvivu huamini, akiambiwa imani yake ni haba huogopa, na hata yule anayesomewa, ambaye dua kwake ni faraja ya kweli wala sithubutu kuidharau, hubaki akijiuliza kwa nini hapati nafuu. Akielezwa kwamba moyo wake umekamatwa na mkia wa homa ile ile iliyomkamata viungo, na kwamba jambo hilo limewapata watu wengi na lina tiba, huwa amepunguziwa nusu ya uzito.

Aliyelifanya hilo kwa shangazi hakuwa mimi. Alikuwa muuguzi wa kituo cha afya alikokwenda kupima shinikizo la damu, mwanamke wa makamo ambaye, kabla ya kufunga kile kitambaa cha kipimo mkononi, alimtazama usoni na kumwuliza, "Bibi, hali hii tangu lini?" Shangazi akajibu, tangu homa. Muuguzi hakumwambia apige moyo konde. Alimwambia, "Basi homa haijamaliza kazi yake, na sisi hatujamaliza yetu," akamwandikia kurudi kila wiki, akampeleka kwa daktari aliyempa dawa na kumweleza kwamba zitachukua wiki kadhaa kabla ya kufanya kazi, na akamtaka binti yake amtembeze kila jioni mpaka ufukweni na kurudi, hata kama hataki. Kofia ilikamilika mwezi wa Mfunguo Sita, wiki ya Maulidi, na mteja, ambaye alikuwa amekwisha kununua nyingine, aliichukua na kuilipia thamani yake yote.

Nawaomba basi wanaowaruhusu wagonjwa wa homa kurudi nyumbani, madaktari na wauguzi, wanapotaja maji ya kunywa na tarehe ya kurudi, waongeze sentensi moja: kwamba moyo huweza kuchelewa kupona kuliko mwili, na unyonge ukizidi wiki mbili mgonjwa arudi bila haya. Na wewe msomaji, ikiwa nyumbani kwako yuko aliyepona homa mwezi uliopita naye bado amekaa barazani mikono imelala, mwulize tangu lini, umsikilize mpaka amalize. Na akitaja kifo kama mahali pa kupumzikia, usingoje kesho, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, wala usimwache njiani peke yake.